Nimeokota jongoo asiye na jina: je, ni spishi mpya?

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Msimu wa mvua uliopita nilikuta msituni jongoo mweusi mwenye miguu ya rangi ya chungwa, urefu wake kama kidole changu cha kati. Nilimpiga picha nyingi, na mmoja niliyemkuta amekufa nimemweka kwenye kopo, sasa amekauka. Programu ya simu inanipa majina matatu tofauti, na katika vitabu vyote nilivyopekua sijamwona. Nitajuaje kama ni spishi mpya? Na ikiwa ni mpya, njia ipi inafuatwa hadi apate jina? Ningependa aitwe kwa jina la bibi yangu, aliyenifundisha kutembea msituni."

Marahaba, mwanangu. Nianze na habari njema, kwa sababu yatakayofuata ni kazi tupu. Uwezekano kwamba jongoo wako hana jina la kisayansi si mdogo hata kidogo. Spishi za majongoo zilizokwisha kupewa majina duniani zimepita 12,000, na sisi tunaowashughulikia tunaamini kwamba wasio na majina bado ni wengi kuliko wenye nayo. Wengi wao wamo katika misitu ya tropiki. Tazama Milima ya Udzungwa, Tanzania. Henrik Enghoff, wa makumbusho ya historia ya asili ya Denmark mjini Copenhagen, alianza mwaka 2014 kuchapisha mfululizo wa makala juu ya majongoo wa milima hiyo, na kila makala ilileta wapya. Mwaka 2024 yeye na wenzake walieleza spishi nyingine tano pamoja na jenasi mpya kabisa (jenasi ni kundi la spishi zenye undugu wa karibu), Udzungwastreptus. Hiyo ni safu moja tu ya milima.

Sababu yake haina ugumu. Jongoo hana mabawa, hana mbio, na wengi hawawezi kuishi mbali na unyevu. Bonde kavu kati ya vilele viwili linatosha kuwa ukuta. Vizazi vikipita upande huu na upande ule wa ukuta huo, wale waliokuwa ndugu hubadilika kila kundi kwa njia yake, mpaka wakikutanishwa tena hawapandani. Ndiyo maana mlima mmoja unaweza kuwa na majongoo ambao huwapati popote pengine duniani.

Hata hivyo, kiumbe asiyejulikana kwako, kwangu au kwa simu yako anaweza kuwa anajulikana vizuri sana kwa sayansi. Nakuomba ulishike hili kabla ya mengine yote: siku unayoinua gogo na kumkuta jongoo mgeni, bado hujagundua spishi. Utakuwa umeigundua siku utakapomaliza kumlinganisha na ndugu zake wote wenye majina, ukaweza kusema kwa maneno na kwa mchoro anatofautiana nao kwa jambo gani. Siku hizo mbili huweza kuachana sana. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2012, ukihusu viumbe wa aina zote, ulikuta kwamba tangu kielelezo kiokotwe hadi kielezwe kuwa spishi mpya hupita wastani wa miaka 21. Muda huo wote kinakaa ndani ya chupa kabatini, kikisubiri mtu mwenye ujuzi na nafasi.

Sasa tuje kwa jongoo wako. Rangi ya miguu ndiyo iliyokuvutia, na ni ya kuvutia kweli, ila usijenge hoja juu yake. Katika spishi moja rangi hutofautiana kati ya mchanga na mkubwa, kati ya aliyetoka kujivua gamba na aliyekaa siku nyingi, na hata kati ya wakubwa wawili wa bonde moja. Upande mwingine, spishi kumi zisizo na undugu wa karibu zinaweza zote kuwa nyeusi zenye miguu ya chungwa. Ukubwa nao hausaidii sana, na idadi ya miguu pia ni shahidi dhaifu kwa majongoo wa mviringo, kwani wengi wao huongezewa pingili kila wanapojivua. Anayeanguliwa huwa na jozi tatu tu za miguu. Hata yule mwenye miguu mingi kuliko mnyama yeyote anayejulikana, Eumillipes persephone wa Australia Magharibi aliyeelezwa mwaka 2021, sifa ya miguu 1,306 ni ya jike mmoja. Wenzake walikuwa nayo michache zaidi.

Shahidi tunayemtegemea yuko kwenye tumbo la dume, pingili ya saba.

Hesabu hivi. Mgeuze jongoo chali. Acha kichwa. Pingili ya kwanza nyuma ya kichwa ni kama kola, haina miguu. Ya pili, ya tatu na ya nne zina jozi moja moja. Kuanzia ya tano kila pingili ina jozi mbili, na hilo ndilo linalomtenga jongoo na tandu, mwenye jozi moja kila pingili. Ukifika ya saba, simama hapo. Kama miguu iko kamili, huyo ni jike, au ni dume ambaye hajakomaa. Kama mahali pa miguu pana pengo, au pana viungo vifupi vilivyokunjamana visivyofanana na miguu mingine, umempata dume mkomavu. Viungo hivyo vinaitwa gonopodi. Ni miguu iliyogeuka, katika safari ndefu ya mabadiliko ya viumbe, kuwa vyombo vya kupandia. Tundu za uzazi za jongoo ziko karibu na jozi ya pili ya miguu, kwa dume na kwa jike. Dume huchukua mbegu pale, akazitia kwenye gonopodi, kisha akamfikishia jike kwa gonopodi hizo.

Kwa nini kiungo hiki kidogo kiwe na uzito wote huo? Kwa sababu umbo lake hutofautiana spishi kwa spishi kwa namna ambayo hakuna sehemu nyingine ya mwili inayofikia. Chini ya hadubini utaona ndoano, miiba, vijiko, karatasi nyembamba zilizojikunja, mijeledi inayozunguka mara mbili tatu. Majongoo wawili ambao ukiwaweka kiganjani huwezi kuwatofautisha, ukizifungua gonopodi zao unashangaa uliwezaje kuwadhania ndugu. Nimefanya kazi hii kwa miaka mingi na bado kila ninapoitoa gonopodi ya dume nisiyemjua mkono hunitulia na moyo hunienda mbio kwa pamoja.

Kuna tofauti kati ya makundi ambazo ni lazima uzijue usije ukapotea. Kwa majongoo bapa wa oda (yaani kundi kubwa la familia) ya Polydesmida, ambao hawana macho kabisa na wengi wao wana pingili 20 tu, ni jozi moja ya miguu ya pingili ya saba iliyogeuka kuwa gonopodi, na mara nyingi unaziona kwa nje. Kwa majongoo wa mviringo wa oda ya Spirostreptida, kundi la yule mkubwa maarufu wa Afrika Mashariki Archispirostreptus gigas anayepita sentimita 30, gonopodi zimefichwa ndani ya mwili na hazionekani mpaka uzitoe. Kwa Spirobolida jozi zote mbili hutumika, moja mbele, moja nyuma. Na kwa majongoo wanaojiviringisha kuwa mpira, wa oda ya Sphaerotheriida, usipoteze muda kwenye pingili ya saba. Vyombo vyao viko kwenye miguu ya mwisho kabisa.

Utaona basi tatizo la picha zako. Ni nzuri, na zitunze, kwa sababu alkoholi huila rangi na baada ya miaka michache picha ndiyo kumbukumbu pekee ya jongoo alivyokuwa hai. Lakini picha za mgongo haziwezi kueleza spishi mpya ya jongoo. Huenda umesikia habari ya kipunji, nyani wa nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Mwaka 2005 alielezwa kisayansi kwa kutegemea picha ya dume mzima, na jambo hilo likazua mjadala mkali miongoni mwa wanasayansi. Mwaka uliofuata, baada ya mmoja kupatikana amekufa mtegoni, uchunguzi wa mwili wake ulionyesha kuwa anastahili jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Ikiwa mnyama mkubwa vile, anayeonekana waziwazi mtini, picha ilificha mambo ya maana kiasi hicho, fikiria kiumbe ambaye ushahidi wake wote umekunjwa ndani ya tumbo.

Kwa hiyo itabidi urudi msituni, na safari hii urudi na kibali. Naliweka hili mbele kwa makusudi. Kila nchi ina sheria zake za kukusanya viumbe, na tangu Itifaki ya Nagoya, mapatano ya kimataifa juu ya rasilimali za kijenetiki, ianze kutumika mwaka 2014 masharti ya kuchukua, kusafirisha na kuchunguza viumbe hai yamekazwa karibu kila mahali. Kielelezo kilichochukuliwa bila kibali ni kama mali ya wizi: majarida mazuri yatakikataa, na makumbusho haitakipokea. Nimewaona vijana wenye vipaji wakipoteza kazi ya miaka kwa sababu ya karatasi moja ambayo wangeipata kwa kuomba mapema.

Nenda mvua zinapoanza, na nenda usiku. Tochi ya kichwani itakuonyesha mengi kuliko jua. Tazama juu ya magome, chini ya magogo laini, ndani ya majani yaliyooza, kwenye mashina ya mimea mipana. Pepeta majani ya ardhini juu ya shuka jeupe, kwa sababu spishi nyingi mpya ni ndogo, za milimita kumi au chini, na macho yetu huwa yanakimbilia wakubwa. Unayemtafuta ni dume mkomavu, wa kwanza kabisa; halafu madume zaidi, majike, na wachanga, ili uone wanavyotofautiana ndani ya kundi moja. Usichukue kupita unachohitaji. Osha mikono kabla ya kushika macho: wengi wa mviringo hutoa kemikali ziitwazo kwinoni, zinazoacha doa la kahawia kwenye ngozi na kuchoma jicho vibaya, na wengi wa bapa hutoa sianidi ya hidrojeni yenye harufu ya lozi chungu. Kiasi ni kidogo, hakitakudhuru ukiwa nje penye hewa, lakini usimfungie jongoo wa namna hiyo pamoja na wenzake kwenye kopo dogo. Hufa kwa hewa yao wenyewe.

Ukimtia alkoholini akiwa mzima atajikunja kama kamani ya saa, na kumnyoosha baadaye ni kumvunja. Mpoze kwanza mpaka alegee. Akishalegea, kata miguu miwili mitatu ya katikati ya mwili, upande mmoja, uitie kwenye kichupa cha ethanoli safi kabisa kwa ajili ya DNA, kisha mwili wote uweke kwenye ethanoli ya asilimia 70 hadi 80. Wengine huuweka mwili wote kwenye ethanoli kali wakidhani wanauhifadhi vizuri zaidi. Unakuwa mgumu na kuvunjikavunjika ukiugusa. Baada ya siku moja mbili badilisha alkoholi, kwa sababu maji ya mwili wa jongoo mkubwa huipunguza nguvu, na ataoza polepole ukidhani yuko salama.

Halafu lebo. Wahenga walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Sisi tunafanya kinyume: tunamchukua jongoo pamoja na mti wake. Bila habari ya mahali alipookotwa, mwili ule hauna thamani kwa sayansi hata ungekuwa wa ajabu namna gani. Andika nchi, eneo, vipimo vya GPS, mwinuko kutoka usawa wa bahari, tarehe, alikuwa juu ya nini au chini ya nini, na nani aliyemwokota. Andika kwa penseli au kwa wino usioyeyuka, kwenye karatasi imara, na karatasi iingie ndani ya chupa pamoja naye. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka alkoholini, na lebo iliyobandikwa nje hubanduka. Niliwahi kufungua sanduku la vielelezo vya msitu ambao sasa umekatwa wote, nikakuta kila chupa ina karatasi nyeupe isiyo na herufi hata moja. Sijalisahau.

Ukisharudi mezani, kazi hubadilika sura. Kwanza ondoa watoro. Kuna majongoo waliosambazwa na binadamu dunia nzima kwenye udongo wa mimea ya vyungu na mizigo ya miche: Oxidus gracilis, mwenye asili ya Asia ya Mashariki, Trigoniulus corallinus, mwekundu kama kutu, wa Asia ya Kusini-Mashariki, ambaye sasa yuko karibu kila pwani ya tropiki. Kama jongoo wako aliokotwa karibu na bustani, shamba au makazi, anza na hao.

Kisha tafuta oda, familia, na ikiwezekana jenasi. Hifadhidata ya MilliBase, iliyo wazi kwa kila mtu, inaorodhesha spishi zote zenye majina, mwaka zilipoelezwa na nani alizieleza. Hapo ndipo utakapopata orodha ya ndugu wa jongoo wako unaopaswa kumlinganisha nao, mmoja baada ya mwingine. Na makala zao nyingi ni za zamani, kwa Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano, hata Kilatini. Carl Attems wa Vienna peke yake alieleza mamia kwa mamia ya majongoo wa Afrika na Asia mwanzoni mwa karne ya 20, kwa Kijerumani. Usiogope. Maktaba ya intaneti ya Biodiversity Heritage Library imeweka wazi sehemu kubwa ya maandishi hayo, na mchoro wa gonopodi unasomeka bila kujua lugha.

Nami nilifunzwa hapa kwa uchungu. Nikiwa kijana niliandika maelezo kamili ya jongoo niliyeamini ni mpya, michoro yote tayari, jina tayari. Wiki ya kutuma makala nilifungua kitabu kimoja cha zamani kutafuta jambo lingine kabisa, nikaiona gonopodi yangu. Ileile, ndoano ileile, imechorwa kwa wino kabla babu yangu hajazaliwa, chini ya jina la jenasi ambayo sikufikiri kuitazama. Nilishukuru kuliko nilivyosikitika. Ningeichapisha, spishi moja ingekuwa na majina mawili, na mtu mwingine angetumia miezi ya maisha yake kuyafuta makosa yangu. Maandishi ya kisayansi juu ya majongoo yamejaa majina ya namna hiyo: maelezo ya mistari mitatu, hayana mchoro, yametokana na jike au mchanga, na sasa hakuna awezaye kusema kwa hakika yanamhusu nani. Bado tunalazimika kuyabeba, maana kanuni haziruhusu jina kutupwa kwa sababu tu limeandikwa vibaya.

Wakati mwingine maandishi hayatoshi, ni lazima uone mwili wenyewe uliotumika kuieleza spishi ya zamani. Mwili huo unaitwa holotaipu. Ni kielelezo kimoja kinachobeba jina: watu wakibishana kesho kutwa jina fulani ni la jongoo yupi, jibu ni holotaipu, si maneno ya mwandishi. Holotaipu nyingi za Afrika ziko Ulaya, katika makumbusho ya Tervuren, Berlin, Vienna, Copenhagen na kwingineko, na wasimamizi wake mara nyingi hukubali kupiga picha ukiwaandikia kwa adabu na kueleza unatafuta nini. Naona ni haki, na ni afya kwa sayansi yetu, holotaipu za sasa zibaki katika makumbusho ya nchi alikookotwa kiumbe pale ambapo kuna uangalizi mzuri, na parataipu, yaani vielelezo vya ziada, zigawanywe kwingine ili moto au uzembe wa sehemu moja usifute kila kitu.

Kuhusu DNA, watu hunitazama kama nimepitwa na wakati ninaposema nianze na gonopodi. Sivyo. Kipande cha jeni ya COI, chenye jozi za besi 658, ni msaada mkubwa: kinakuunganishia jike na dume wake, mchanga na mzazi wake, na kinakuonya pale ambapo jina moja limefunika spishi mbili. Ila kwa majongoo hakuna asilimia moja ya tofauti inayoweza kutumika kama rula kwa makundi yote. Majongoo wa bonde moja na wa bonde la pili, spishi ileile, wanaweza kuachana sana kwa sababu hawatembei. Na spishi nyingi za zamani hazina DNA yoyote iliyosomwa, kwa hiyo ukisema "haifanani na iliyomo kwenye hifadhidata" utakuwa hujasema mengi. Umbo na jeni vikisema jambo moja, lala usingizi. Vikipingana, rudi msituni ukatafute wengine.

Kuandika kwenyewe kuna sehemu mbili ambazo wanafunzi huzichanganya. Maelezo ni picha nzima ya mnyama kwa maneno: vipimo, idadi ya pingili, rangi akiwa hai na akiwa alkoholini, kichwa, vipapasio, kola, miguu, gonopodi kutoka kila upande. Utambulisho tofautishi ni mfupi, mistari michache, na ndio moyo wa makala: huyu anatofautiana na ndugu zake kwa hili na hili. Ukishindwa kuuandika kwa sentensi tatu nne, pengine huna spishi mpya. Weka michoro ya mkono, hata kama una picha za hadubini ya elektroni, kwa kuwa anayechora hulazimika kuamua kila mstari unaanzia wapi na unaishia wapi, na hapo huona ambayo kamera hupita juu yake. Siku hizi wapo wanaotumia skana za tomografia kuona ndani ya jongoo bila kumpasua; Ommatoiulus avatar wa Hispania, mwaka 2015, alikuwa jongoo wa kwanza kuelezwa pamoja na nakala kamili ya kidijitali ya mwili wake. Ni jambo zuri sana, lakini usidhani bila mashine hiyo kazi haiwezekani. Hadubini ya kupasulia, sindano mbili nyembamba, kibanio kizuri, mkono uliotulia, vinatosha kuanzia.

Na sasa bibi yako. Inawezekana, na naona ni jina jema. Kanuni za Kimataifa za Kutaja Wanyama zinadai jina la spishi mpya liandikwe kwa herufi za Kilatini, liambatane na maelezo yanayoitofautisha na nyingine, mwandishi aseme wazi kwamba ni mpya, ataje holotaipu na makumbusho inakohifadhiwa. Maneno ya asili yake yanaweza kutoka lugha yoyote; kipunji limebaki kipunji. Jina la kumheshimu mwanamke huishia kwa -ae, la mwanamume -i. Nannaria swiftae wa Marekani, aliyeelezwa mwaka 2022, amepewa jina la mwimbaji Taylor Swift kwa njia hiyohiyo. Kama bibi aliitwa Halima, jongoo atakuwa halimae. Wewe mwenyewe usijipe. Kanuni haikatazi, lakini hakuna atakayekuheshimu. Jina lako litakaa nyuma ya jina la spishi, pamoja na mwaka. Na ikitokea siku moja mtafiti mwingine akaihamishia spishi yako kwenye jenasi tofauti, jina lako litawekwa kwenye mabano, kama linavyoandikwa la Wilhelm Peters: Archispirostreptus gigas (Peters, 1855). Jina la bibi halitaguswa.

Usilitangaze jina hilo mitandaoni kabla ya makala kutoka. Jina huzaliwa kwenye chapisho linalokidhi kanuni, na jarida la kielektroniki ni lazima makala yake isajiliwe ZooBank, daftari rasmi la majina ya wanyama kwenye intaneti, na usajili huo uonyeshwe ndani yake. Zootaxa, ZooKeys, African Invertebrates na European Journal of Taxonomy zote huchapisha majongoo. Hilo la mwisho halimtozi mwandishi kitu. Tafuta pia mwenzi wa kuandika naye, mtu aliyekwisha kueleza spishi za familia ileile. Tuko wachache duniani, na kwa sababu hiyo tunajibu barua.

Yule aliyekauka kwenye kopo usimtupe. Mwache ndani ya chombo kilichofunikwa chenye kitambaa chenye unyevu kwa siku moja, atalainika kiasi cha kugeuzwa bila kukatika. Mlaze chali, chukua lenzi na tochi, hesabu kutoka kwenye kola hadi pingili ya saba, na unipigie picha hapo, kwa ubavu na kutoka chini. Niambie pia msitu upi na mwinuko gani. Kama kuna pengo, nitakuomba usimguse tena mpaka tuzungumze.